Majirani zetu wakitoka kufanya mazoezi, nani hubaki na mgonjwa?

Mara mbili kila mwezi, asubuhi ya Jumapili, barabara kadhaa kuu za Kigali hufungwa kwa magari na kuachiwa waendao kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Utaratibu huo ulianza mwaka 2016 ukiwa wa mara moja kwa mwezi, na tangu 2018 umekuwa wa mara mbili. Baada ya mbio wananchi hukusanyika kwa mazoezi ya viungo ya pamoja, na pembeni wahudumu wa afya hupima bure shinikizo la damu na kiwango cha sukari mwilini. Tanzania nayo, mwishoni mwa 2016, ilimsikia Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akiwahimiza wananchi kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya mazoezi. Zanzibar huufungua mwaka kwa jasho: tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hutembea na kukimbia pamoja katika siku ya kitaifa iliyowekwa kwa jambo hilo. Uganda ilizindua siku yake mwezi Julai 2018.

Serikali hizi zina sababu ya kufanya hivyo. Kiharusi, kisukari, presha na saratani zimeacha kuwa maradhi ya watu wa mbali au ya wenye mali tu, na gharama ya kuyatibu ni mzigo mzito kwa hazina zetu. Kumtoa mtu kitini na kumweka barabarani ni tiba rahisi kuliko kumsafirisha kwenda kutibiwa ng'ambo.

Lakini katika kila mtaa unaofungwa kwa magari kuna nyumba ambayo mtu hatoki. Ndani yake yuko mzee aliyepooza upande mmoja, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au mama ambaye hawatambui tena wanawe. Na kando yake yuko binti, mke, mkwe au dada asiyeweza kumwacha hata kwa muda wa kwenda sokoni. Wito wa mazoezi humfikia kwa redio, na huishia hapo. Tafiti za zaidi ya miaka 30 zimeonyesha kwamba afya ya mtu huyo yenyewe imo hatarini, na kwamba mazoezi mepesi yanayounganisha mwili, pumzi na fikra yanaweza kumpunguzia madhara. Hayahitaji uwanja wala viatu vya mbio. Yanahitaji mtu mwingine wa kukaa na mgonjwa kwa nusu saa, na hicho ndicho ambacho hakuna kampeni yoyote ya mazoezi katika ukanda wetu iliyokiweka mbele.

Umurwaza, anayeuguza, aidant

Kazi ya kutafsiri habari ina faida moja: humlazimisha mtu kuyatazama maneno ambayo wengine huyapita. Kila taarifa ya Kifaransa inapotaja «aidant» au «garde-malade», chumba chetu cha habari husita kidogo. Kwa Kirundi jibu ni jepesi: umurwaza. Kila aliyewahi kulala kwenye mkeka chini ya kitanda cha hospitali, akapika nje kwa mkaa na kufua shuka za mgonjwa wake, anajua kwamba yeye ni umurwaza. Kwa Kiswahili tunasema anayeuguza.

Angalia jinsi lugha zote mbili zilivyofanya kazi moja bila kushauriana. Kutokana na kurwara, Kirundi kimepata kurwaza. Kutokana na kuugua, Kiswahili kimepata kuuguza. Mwenye kuuguza hakupewa jina la msaidizi kama Wafaransa walivyompa. Jina lake limechimbuliwa katika shina lilelile la ugonjwa. Sidai kwamba wahenga walikuwa wamefanya utafiti wa maabara. Ila maabara, zilipokuja, hazikuwapinga.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha katika jarida la Lancet jaribio ambalo bado linasimuliwa na madaktari. Waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri na kipato kinachokaribiana ambao hawakuwa na mgonjwa nyumbani. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo mkononi, cha upana wa milimita tatu na nusu, kwa chombo cha daktari. Vidonda vya waliokuwa wakiuguza vilichelewa kupona kwa wastani wa siku tisa. Hawakuwa wagonjwa na hakuna dawa waliyonyimwa. Uchovu na hofu vilikuwa vimeifikia ngozi yao.

Miaka minne baadaye, mwaka 1999, utafiti mwingine wa Marekani uliofuatilia wenzi wazee kwa miaka minne ulikuta kwamba wale waliouguza huku wakielemewa walikuwa katika hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasio na mgonjwa. Takwimu hiyo imenukuliwa mno, mara nyingi vibaya, kana kwamba kuuguza kwenyewe kunaua. Sivyo. Katika utafiti huohuo, waliouguza bila kuelemewa hawakuonyesha hatari hiyo. Mwaka 2013 uchambuzi mkubwa zaidi ulifikia hatua ya kuonyesha kwamba, kwa jumla, watu wanaouguza jamaa zao walikufa kwa kiwango cha chini kidogo kuliko wasiouguza. Kumtunza mzazi kunampa mtu heshima, sababu ya kuamka, na mara nyingine amani ya moyo asiyoipata kwingine. Kinachomvunja ni kuachiwa peke yake, usiku na mchana, bila mwisho unaoonekana.

Na wanaoachiwa ni wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, zaidi ya asilimia 60 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Jamaa wanaowatunza hutumia kwa wastani saa tano kwa siku katika kazi hiyo, na asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake. Shirika la Kazi Duniani, likihesabu matunzo yote yasiyolipwa, yakiwamo ya watoto na ya kazi za nyumbani, lilisema mwaka 2018 kwamba wanawake wanabeba zaidi ya robo tatu yake. Hesabu za Shirika la Afya Duniani hazijumlishi kiharusi pekee, wala saratani, wala mtoto ambaye kila siku lazima abebwe ili afike chooni.

Dakika kumi na mbili

Tunapozungumzia mazoezi ya mwili na akili tuna maana ya familia nzima ya mambo: yoga ya Wahindi, taichi na kigongo cha Wachina, kujinyoosha taratibu, kupumua kwa mpango, kulegeza misuli kundi baada ya kundi, kukaa kimya huku fikra ikirudishwa kwenye jambo moja. Yanachoshirikiana ni mwendo wa polepole na usikivu. Mkimbiaji anaweza kukimbia huku akiwaza deni lake. Afanyaye taichi akiwaza deni lake hupoteza hatua.

Namna yanavyofanya kazi si siri wala uchawi. Mtu aliye katika hofu ya kudumu hupumua juu juu na kwa haraka, moyo wake hupiga kana kwamba anafukuzwa, na tezi zake humwaga homoni za tahadhari, kotisoli ikiwa mojawapo. Hali hiyo ni ya manufaa kwa dakika chache za hatari. Ikidumu miezi na miaka huharibu usingizi, hupandisha presha na hudhoofisha kinga ya mwili, na hapo ndipo vidonda vya wale wanawake wa Ohio vinapoeleweka. Kupumua polepole, kama mara sita kwa dakika, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, huuamsha mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi, unaoteremka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, nao huuambia moyo utulie. Hatuna amri ya moja kwa moja juu ya mapigo ya moyo wetu. Juu ya pumzi tunayo.

Je, humfaa anayeuguza? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles waliwagawa kwa bahati nasibu watu 39 waliokuwa wakiuguza jamaa wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Kundi moja lilifanya taamuli ya asili ya yoga kwa dakika 12 kila siku kwa wiki nane. Jingine lilikaa kimya kwa muda huohuo likisikiliza muziki wa kutuliza. Dalili za sonona zilipungua kwa pande zote mbili, lakini zilipungua zaidi kwa wale wa taamuli. Watu 39 ni wachache, na wiki nane ni kidogo kwa mtu ambaye ataendelea kuuguza kwa miaka minane. Tafiti nyingi za aina hii zina udogo huohuo, nyingi zilifanyika katika nchi tajiri, na matokeo yake ni mema bila kuwa ya ajabu. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza kitu.

Ushahidi ulio imara zaidi umetoka Uingereza. Huko, familia 260 zenye mgonjwa wa aina hiyohiyo zilishirikishwa katika mpango wa vikao vinane, uliochapishwa mwaka 2013. Anayeuguza alifundishwa jinsi ya kuzikabili tabia ngumu za mgonjwa, jinsi ya kuomba msaada na jinsi ya kupanga siku za mbele. Na kila kikao kilimalizika kwa zoezi la kutuliza mwili na akili, alilopewa ili aendelee nalo peke yake. Waliofunzwa walipungukiwa na wasiwasi na sonona, na miaka sita baadaye tofauti bado ilionekana. Mambo mawili katika mpango ule yanastahili kutazamwa na wizara za afya za ukanda wetu. La kwanza, waliofundisha hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa vijana wenye shahada ya saikolojia waliopewa mafunzo na kusimamiwa. La pili, mafunzo yaliweza kufanyika nyumbani kwa yule anayeuguza, kwa sababu kumwita kliniki ni kumwambia asije.

Baadhi ya wasomaji na wasikilizaji wetu, hasa Waislamu, watauliza kuhusu yoga na dini, na swali hilo ni la haki. Limeulizwa pia na wanachuoni wa nchi kubwa kuliko zetu. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilisema mwaka 2009 kwamba yoga inayochanganywa na matamshi ya ibada ya Kihindu ni haramu kwa Mwislamu, lakini ikifanywa kama mazoezi ya viungo pekee haina kizuizi. Saudi Arabia iliruhusu mwezi Novemba 2017 ifundishwe kama shughuli ya michezo. Wakristo nao wana wenye shaka miongoni mwao. Asiyeridhika anaweza kuliacha neno lenyewe na asipoteze chochote: kunyoosha shingo, kulegeza mabega, kupumua kwa utulivu na kukaa kimya si mali ya dini yoyote.

Kongwe za bara letu

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mambo haya yote huvuka bahari yakija kwetu. Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, ina mabenchi ya mbao yaliyowekwa nje ya vituo vya afya, na juu yake huketi bibi. Mpango huo, Benchi la Urafiki, ulianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare kwa mabibi 14 waliofunzwa na daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Mtu mwenye kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, huja akaketi, akazungumza, akasaidiwa kulichagua tatizo moja na kulitafutia hatua ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ulioshirikisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango umefika Malawi na Zanzibar.

Kinachohusu mada yetu ni kinachofuata baada ya benchi. Waliomaliza vikao hualikwa katika vikundi ambako wanawake hukaa duara wakisuka mikoba kwa plastiki iliyotumika, huku wakizungumza. Mikono inarudia mwendo uleule, pumzi inashuka, maneno yanatoka. Sijaona kipimo cha maabara cha duara lile, na sitalipa sifa nisiyoweza kuithibitisha. Lakini yeyote aliyewaona wanawake wakisuka ukili kwenye baraza za pwani, au vikapu kwenye milima yetu, anajua kwamba kazi ya namna hiyo hufanya jambo fulani kwa aliyechoka. Wapangaji wa mazoezi kwa watu wetu wangefanya vyema kuanzia hapo kabla ya kuagiza magodoro ya yoga.

Uganda ina urithi mwingine. Hospice Africa, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993 mjini Kampala, iliijenga huduma ya tiba shufaa juu ya kanuni kwamba mgonjwa hufuatwa nyumbani kwake, na kwamba familia ni sehemu ya matibabu. Morfini ya maji, dawa nafuu ya maumivu ambayo wauguzi waliofunzwa nchini humo wameruhusiwa kuiandika tangu 2004, inamtuliza mgonjwa. Inamtuliza pia binti yake aliyekuwa akiusikia usiku kucha mlio wa baba yake. Nalitaja hili kwa makusudi. Kumfundisha mtu kupumua polepole ilhali maumivu ya mgonjwa wake hayajatibiwa ni kumdhihaki.

Na hapa ndipo lipo pingamizi zito dhidi ya habari yote hii ya mazoezi. Wapo wanaosema kwamba kumpa taamuli mwanamke aliyeelemewa ni kumfundisha auvumilie mzigo ambao wengine wameukataa. Kwamba kaka zake wako kilabuni huku yeye akihesabu pumzi. Nadhani wana haki kwa sehemu kubwa. Zoezi la dakika 12 halimgeuzi mgonjwa kitandani, halilipi nauli ya hospitali, wala halimrudishi shuleni msichana aliyeacha masomo ili amtunze bibi yake. Kenya huzipa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkali, yule anayehitaji kutunzwa saa zote, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni fedha kidogo, na hazifiki kwa wote wanaostahili, lakini angalau sheria ya mpango huo inatambua kwamba kuna mtu wa pili ndani ya nyumba.

Mji uliofunga barabara kabla yetu

Jumapili isiyo na magari haikubuniwa Kigali. Mji wa Bogotá, Kolombia, umekuwa ukizifunga barabara zake kwa ajili ya watembeao na waendesha baiskeli tangu 1974, na leo kilomita zipatazo 120 hufungwa kila Jumapili na kila sikukuu. Miji mingi duniani imeuiga. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kwa mji huohuo kuuliza ni nani ambaye hajawahi kuonekana kwenye barabara hizo.

Jibu lililopatikana lilikuwa la kutisha: wanawake wapatao milioni 1.2, sawa na karibu asilimia 30 ya wanawake wote wa mji, walikuwa wakiishi kwa kazi ya matunzo isiyolipwa, wengi wao kwa saa kumi kwa siku. Mwezi Oktoba 2020 serikali ya mji, chini ya meya Claudia López, ilifungua kituo cha kwanza cha mpango uitwao Manzanas del Cuidado, yaani mitaa ya matunzo, katika eneo la watu maskini la Ciudad Bolívar. Mwanamke hufika na mgonjwa wake, au mtoto wake, au mama yake mzee. Mgonjwa hupokewa na mtu aliyefunzwa. Yeye mwenyewe huingia mlango wa pili: anaweza kumalizia elimu ya sekondari, kumwona mwanasheria au mshauri wa saikolojia, kujifunza kuendesha baiskeli, kufanya yoga au dansi, au kukaa tu huku mashine ya umma ikimfulia nguo. Kwa wale ambao mgonjwa wao hawezi kutolewa nyumbani, mji hutuma watu wa kuwapokea zamu.

Yoga katika mpango huo ni kitu kidogo kuliko vyote, na ndiyo maana inafanya kazi. Ufundi wote umo katika mlango wa kwanza, pale mgonjwa anapopokewa.

Bila shaka Bogotá ni jiji lenye kodi na bajeti ambazo Bujumbura, Kigali na Kigoma hazina. Si kila kitu kinaweza kuigwa. Swali linaweza.

Rwanda, kwa mfano, ina hema lake la vipimo kila Jumapili ya mazoezi. Anayepimwa presha huulizwa umri na uzito. Akiongezewa swali moja, kwamba je, nyumbani kuna mgonjwa unayemuuguza au anayekuuguza, mji ungepata orodha ambayo hakuna ofisi inayo. Nchi hiyo ina makumi ya maelfu ya wahudumu wa afya wa jamii wanaoijua kila kaya ya kijiji chao. Sisi tunao abaremeshakiyago wetu. Watu hawa tayari huingia nyumbani kumtazama mtoto mwenye homa au mama mjamzito. Kuwafundisha mambo matatu kwa ajili ya umurwaza hakuhitaji wizara mpya: jinsi ya kumnyanyua mgonjwa kwa kukunja magoti na kumsogeza karibu na kifua badala ya kuuinamisha mgongo, zoezi la pumzi la dakika kumi, na dalili za sonona zinazomhitaji daktari, kama vile kukosa usingizi kwa majuma, kulia bila sababu au kuwaza kifo. Nchini Uganda na Rwanda vikundi vya wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo vimekuwa vikifundishana jinsi ya kumlisha, kumkalisha na kumbeba mtoto. Hapo pana watu waliokwisha kukutana, na robo saa ya kujinyoosha pamoja haitawaongezea safari.

Radio nazo zina kazi ambayo hazijaifanya. Mwezi Aprili 2020, Uganda ilipowafungia watu ndani kwa sababu ya korona, Rais Yoweri Museveni alitoa video akifanya mazoezi ofisini mwake, pekupeku, ili kuonyesha kwamba mtu hahitaji kutoka nje. Watu walicheka, wakahesabu idadi ya mara alizojisukuma kutoka sakafuni, kisha wengi wakajaribu. Marufuku ile iliondolewa, lakini kwa anayeuguza hakuna kilichobadilika, na kipindi cha dakika kumi cha mazoezi ya polepole, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, saa ambayo mgonjwa kwa kawaida amelala, kinaweza kumfikia bila kumtoa chumbani. Japani imekuwa ikitangaza mazoezi ya viungo kwa redio tangu 1928. Jambo hilo halihitaji hata picha.

Linabaki suala la nusu saa na nani ataitoa. Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac, kama Uvira ng'ambo ya ziwa na Kigoma kusini, zimejaa vikundi vya upatu, au likelemba kama wanavyouita majirani zetu wa Kongo. Wanawake kumi huchanga fedha, na kila mwezi mmoja wao hubeba zote. Wamefanya hivyo kwa miaka bila benki na bila karani. Vikundi hivyo vinaweza kuchanga saa kwa utaratibu uleule. Tuseme ni nyumba sita za mtaa mmoja, mbili kati yake zikiwa na mgonjwa. Kila nyumba, zikiwamo hizo mbili, ikitoa mtu mmoja kwa saa moja kwa wiki, zinapatikana saa sita. Kila anayeuguza anapata saa tatu: mara mbili za mazoezi na mapumziko, na moja ya kwenda sokoni bila kukimbia. Anayeshika zamu hahitaji kujua utabibu. Anahitaji kujua mgonjwa anakunywa nini, analala upande gani, na nambari ya simu ya kupiga. Kaka wa familia wakiwekwa kwenye orodha kwa majina yao, kama wanavyowekwa kwenye orodha ya michango ya harusi, hesabu itakuwa nyepesi zaidi.